Kipande cha Plaiwudi

Ndugu zangu tuliokula pamoja ugali wa bweni,

Nimeombwa niseme machache juu ya useremala wangu kule Bariadi. Nitasema juu ya kipande cha plaiwudi.

Mwaka 2016, kampeni ya madawati ilipoenea nchi nzima, nilipata kazi ya madawati 40. Haraka ilikuwa kubwa. Kila tundu nililichora kwa penseli, nikalichimba kwa ruta nikifuata jicho tu. Kiangazi kilipofika ndimi zikaanza kucheza ndani ya matundu, na watoto wakawa wanaandika huku wakiyumba. Nikayarudia yote kwa gharama yangu. Mbao mbichi zilichangia, sikatai, lakini matundu yaliyopwaya yalikuwa yangu.

Tangu hapo sichimbi tundu bila kiolezo. Nachukua plaiwudi ya milimita 12, nakata mwanya, na upande wa chini nafunga kibao cha kuegemea ubavu wa mguu wa dawati. Ruta naivisha pete ya chuma kwenye kitako chake, na pete hiyo ndiyo inayotembea ndani ya mwanya. Hapa ndipo vijana wangu hukosea. Pete yangu ina kipenyo cha milimita 16, kisu 10. Basi mwanya uwe na upana wa 16, na urefu wake uzidi ule wa tundu kwa 6: tundu la 60 lataka mwanya wa 66. Tena pete isitokeze kupita unene wa plaiwudi, ama sivyo itakwama juu ya mguu.

Kwa mninga nashuka milimita 5 kila mara mpaka 30. Mwenye pupa ataunguza mbao na kuvunja kisu. Ncha za tundu hutoka mviringo; mimi huziacha hivyo, nikauviringa ulimi kwa tupa. Wengine huchonga pembe kwa patasi, na nadhani mwalimu wetu wa ufundi angewapa wao maksi nyingi zaidi.

Kiolezo chenyewe nimekuja nacho, kiko pale mezani, vipimo vimeandikwa juu yake kwa wino. Njooni mkishike. Ila asiondoke mtu nacho, ndugu zangu. Jumatatu nina madawati mengine yanayonisubiri.