Mnunuzi wa Vifaa vya Miradi

(Mazungumzo ya Ofisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo na kamati ya maji ya kijiji)



Mlipomaliza darasa mliniomba niwe nakuja kuzungumza nanyi juu ya kazi za watu wanaotumia kusoma na kuandika. Tumekwisha kuzungumza juu ya bwana shamba, na juu ya karani wa chama cha ushirika. Leo nataka tuzungumze juu ya mtu ambaye hamjapata kumwona, lakini kazi yake mnaiona kila mnapokwenda kisimani. Huyu ni mnunuzi wa vifaa vya miradi. Ofisini wanamwita ofisa ununuzi.

Mradi wa maji, wa chanjo au wa shule unaosaidiwa na nchi za nje hauendi kwa fedha peke yake. Fedha hainywewi. Lazima awepo mtu wa kugeuza fedha ile iwe bomba, saruji, dawa au chandarua, na vitu hivyo vifike panapotakiwa, vikiwa vizima, na kwa wakati wake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto, UNICEF, lina bohari kubwa sana mjini Copenhagen, nchi ya Denmark. Wako watu pale ambao kazi yao kutwa ni hiyo. Chukueni chanjo kama mfano. Chanjo nyingi hukaa katika baridi ya digrii 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka zahanati. Kwa hiyo anayenunua chanjo hanunui vichupa tu, ananunua na baridi yake.

Sasa nisikilizeni. Nitawaeleza jambo ambalo lilinipata mimi mwenyewe.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilipangwa katika kijiji kimoja chenye pampu ya mkono iliyoletwa na mradi wa nje. Pampu ilianza kutoa maji kidogo, halafu ikaacha kabisa. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, najua kuandika, basi nikafanywa katibu wa kamati ya maji. Fundi akasema raba ya pistoni imelika. Nikachukua karatasi nikaandika: "Tunaomba raba za pampu, 40." Nikatia sahihi, tukagonga mhuri, barua ikaenda.

Tukangoja miezi mitano. Raba zikaja, mpya kabisa, zinang'aa. Fundi akazijaribu, zikagoma kuingia. Tukaandika tena, tukangoja miezi miwili mingine. Muda wote huo akina mama walirudi kwenye dimbwi linalonywewa na ng'ombe, na watoto wakaharisha. Mama mmoja, jirani yangu, alikuwa hajakosa mchango wa maji hata mwezi mmoja. Akaacha kuniamkia. Sikumlaumu.

Mimi nilimlaumu yule mnunuzi. Nilisema huko mjini wanakula mishahara ya bure. Miaka kadhaa baadaye tukakutana kwenye semina na dada mmoja aliyefanya kazi ya ununuzi katika mradi ule ule. Nikamtolea hasira yangu yote. Akanyamaza, halafu akaniuliza, "Mwalimu, barua yenu ilisema pampu ya aina gani?"

Nikakosa la kujibu. Barua haikusema. Kijiji chetu kilikuwa na pampu ya Afridev, na vijiji vingi vya mradi ule vilikuwa na India Mark II. Yeye akanunua za India Mark II. Silinda ya India Mark II ina upana wa milimita 63.5 kwa ndani. Ya Afridev ni milimita 50. Chukueni rula muone tofauti hiyo. Raba ya huku itaingiaje kule? Na yeye pia alikiri kosa lake: angeweza kuuliza, hakuuliza, maana mezani pake palikuwa na maombi mengi. Lakini karatasi ile niliiandika mimi, niliyesomea ualimu.

Hapo ndipo kazi ya mnunuzi inapoanzia, siyo dukani. Inaanzia kwenye maelezo ya kitu kinachotakiwa: jina la aina, kipimo, kimetengenezwa kwa nini, ni vingapi, vifike wapi, lini. Kwa pampu lazima aulize kina cha kisima. Afridev hufanya kazi mpaka kina cha kama mita 45. Lazima aulize na tabia ya maji yenyewe. Yako maji yenye ukali wa asidi ambayo hula mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Maji yanatoka mekundu, yana ladha ya kutu, chakula kinabadilika rangi, na watu wanakiacha kisima. Mwaka 2016 Serikali ya Uganda ilisimamisha matumizi ya mabomba hayo katika visima vya pampu za mkono kwa sababu hiyo. Mnunuzi aliyetazama bei tu alinunua kutu.

Maelezo yakiwa tayari, anawaita wauzaji walete bei zao ndani ya bahasha zilizofungwa. Siku hizi wengi hutumia kompyuta, lakini maana ni ile ile: hakuna anayeona bei ya mwenzake kabla ya saa ya kufungua, na zote hufunguliwa pamoja. Hapa ndipo penye majaribu. Muuzaji anaweza kuja nyumbani kwa mnunuzi usiku na mbuzi, eti ni salamu tu. (Mbuzi wa namna hiyo ni ghali kuliko wote, na mnaomlipia ni nyinyi.)

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana tulisoma hesabu. Tuseme mradi unataka pampu 10. Muuzaji wa kwanza anasema pampu moja ni shilingi 1,500,000. Wa pili anasema 1,900,000. Nani ana bei nafuu?

Naona wengi mnasema wa kwanza. Ngojeni. Wa kwanza anauzia mlangoni pa kiwanda chake, nchi ya mbali. Pampu 10 ni shilingi 15,000,000. Bado lori la kwenda bandarini, meli, bima, gharama za bandari, wakala wa forodha, na lori la kuja wilayani. Tuseme hizo ni 5,200,000. Jumla 20,200,000. Wa pili anafikisha mpaka bohari ya wilaya, na gharama zote zimo. Pampu 10 ni 19,000,000. Basi wa pili ndiye nafuu, kwa shilingi 1,200,000.

Ziko herufi tatu tatu zinazoandikwa kwenye ankara kueleza jambo hili. FOB maana yake bei inafika mpaka mzigo upakiwe melini kule unakotoka. CIF maana yake ndani ya bei imo nauli ya meli na bima mpaka bandari ya huku. Kanuni hizi zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1936 na Chemba ya Biashara ya Kimataifa ya Paris, na zimekuwa zikirekebishwa. Toleo la 2020 ndilo linalotumika. Wenye ndugu walioagiza gari wamekwisha kuzisikia.

Meli ikifika, bado. Karatasi moja ikikosekana, kontena hukaa bandarini na kila siku linatozwa. Mnunuzi anaweza kukesha akitafuta barua moja ya msamaha wa kodi. Bandari ya Dar es Salaam inapokea pia mizigo ya Zambia, Rwanda, Burundi na Kongo, hivyo mnunuzi wa mradi wa Bujumbura anaweza kuwa anangoja foleni ile ile pamoja na wetu.

Mama mmoja hapa mbele anauliza, haya yote yanatuhusu nini sisi? Yanawahusu sana, mama. Kwa sheria ya maji ya mwaka 2019, chombo cha watumiaji maji ndicho kinachokusanya fedha na kutunza mradi. Raba, bomba na kufuli mtanunua nyinyi wenyewe. Na mzigo ukiletwa, msitie sahihi kabla ya kufungua sanduku na kuhesabu. Dereva atawaharakisha, atasema giza linaingia. Mpeni uji, asubiri.

Leo hatutafanya zoezi ubaoni. Twendeni kisimani na rula. Fundi atafungua kichwa cha pampu, tutasoma jina lake, tutapima, na katibu ataandika katika daftari mbele ya wote. Bibi Katibu, kalamu unayo?