Kabla ya Kununua Kipaza Sauti Kipya



Maneno ya mhubiri au ya kwaya yanapomezwa na mvumo wa spika, lawama hutupiwa kipaza sauti, na kamati huchangisha fedha ili kununua kingine. Aghalabu fedha hizo hupotea bure, kwa kuwa kelele ilikuwa na chanzo kingine. Yafaa kwanza kukitafuta chanzo hicho.

Ninazungumzia kipaza sauti cha dainamiki, kile cha mkononi chenye kichwa cha wavu wa chuma. Ndani yake mna kiwambo chembamba kilichoungwa na koili ya waya iliyokaa kati ya sumaku. Sauti hukitikisa kiwambo, koili hucheza, na umeme mdogo sana, wa milivolti chache tu, huzaliwa. Umeme huo hauna budi kukuzwa mara nyingi kabla haujafika kwenye spika, na kila kelele iliyoingia njiani hukuzwa pamoja nao.

Dawa ya kwanza haina gharama: mdomo ukaribie. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu, shinikizo la sauti hupungua kwa nusu. Hapo fundi hulazimika kukuza zaidi, na feni, pikipiki na minong'ono ya watu huingia pia. Umbali wa vidole vitatu au vinne watosha. Ukaribu huzidisha besi, hivyo ipunguzwe kwenye mikisa, au kibonyezwe kitufe cha kukata sauti nzito zilizo chini ya hezi 80 au 100, ikiwa kipo. Aidha, msemaji akielekeza pumzi pembeni kidogo, herufi “p” na “b” hazitalipuka.

Pili, mkono ushike mpini, usifunike wavu. Vipaza vingi vya aina hii husikia zaidi mbele kuliko nyuma. Ukiufunika wavu, uwezo huo huharibika na mluzi huanza. Kwa sababu hiyo hiyo, spika za ukumbi zikae mbele ya msemaji zikiwatazama wasikilizaji, na spika ya jukwaani ikae nyuma ya kipaza.

Tatu, tazameni waya. Ule wenye plagi ya pini tatu hubeba sauti katika nyaya mbili zinazopingana, hata kelele iliyoingia kote kwa usawa hujifuta yenyewe mwishoni. Waya wa plagi ya jeki, kama ile ya gitaa, kwa kawaida hauna kinga hiyo, usiwe mrefu. Waya wa kipaza usilazwe sambamba na waya wa umeme. Vikilazimika kukutana, vipishane kama msalaba.

Mvumo wa umeme ukiendelea, jihadharini na ushauri wa kukata waya wa ethi. Mvumo waweza kupungua kweli, lakini chombo kikipata hitilafu, umeme waweza kufika kwenye chuma anachokishika msemaji. Hakuna sauti safi yenye thamani ya uhai wa mtu. Mwiteni fundi umeme.

Kupata chanzo, badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja: kwanza waya, kisha tundu la mikisa, mwisho kipaza. Kelele ikihama pamoja na kitu, hicho ndicho chenye kasoro. Kama sauti ni hafifu tu, fungueni wavu, osheni sponji yake kwa sabuni laini, na ikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa.

Ikibidi kununua, kumbukeni kwamba chapa maarufu huigwa sana. Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, ni miongoni mwa vipaza vinavyoghushiwa zaidi duniani. Kile halisi kina uzito wa takriban gramu 300. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine ni onyo. Ombeni kukijaribu dukani kwa sauti ya mtu, kitikiseni taratibu msikie kama kuna kitu kilicholegea ndani, na daini risiti pamoja na dhamana iliyoandikwa. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha dai lenu, hata mkiwa na haki.