Kopo la Kazi na Kopo la Nyumbani
(Hotuba iliyotolewa msikitini mbele ya wazee na vijana baada ya sala ya Alasiri)



Nimetakiwa niseme juu ya kujiajiri. Mimi si msomi wa uchumi. Niliyo nayo niliyaona kwa wazazi wangu huko pwani, mama msokota kamba na baba seremala.

Vijana wengi hawajui kamba ya makumbi inavyopatikana. Makumbi ya nazi hufukiwa katika matope ya pwani, yakakaa humo miezi mingi hata yalainike. Kisha hufukuliwa, yakapondwa kwa rungu, usumba ukaoshwa na kuanikwa, ndipo ukasokotwa kwa viganja. Harufu yake watu huikimbia. Mama hakufukua shimo la zamani bila kufukia jipya. Mwenye mshahara hungoja mwisho wa mwezi. Mama mshahara wake aliufukia mwenyewe miezi mingi kabla.

Katika Sahih Bukhari imo Hadithi ambamo Mtume Muhammad s.a.w. anaeleza kwamba ni heri mtu achukue kamba yake, alete mzigo wa kuni mgongoni na kuuza, kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime. Kila niisikiapo humkumbuka mama, maana wakata kuni wa kijijini kwetu kamba walinunua kwake.

Baba alikuwa na randa, misumeno miwili na meza ya kazi chini ya mwembe. Leo fundi akitajwa, na uongo wake hutajwa: njoo kesho, njoo Ijumaa. Huchukua malipo ya kutanguliza ya kitanda cha huyu, akamalizia kabati la yule, kisha hujificha. Baba hakupokea fedha ya kazi ya pili kabla hajakabidhi ya kwanza. Kwa ajili hiyo siku nyingine tulilala kwa uji, na mama alinung'unika, sitaficha. Tena alikuwa akisema kwamba kumuuzia mtu ubao mwembamba kwa bei ya mnene ni katika yale yanayokemewa na Sura Al-Mutaffifin.

Nami je? Nilipomaliza kidato cha nne mwaka 1994, nilikaa miaka miwili nikingoja barua ya kazi. Nilivaa suruali ya pasi, nikazunguka njia ya mbali ili wenzangu wasinione karibu na shimo la makumbi. Siku moja mama alinipa shilingi 20,000, akasema, "Mwanangu, hizi si zako, ni za kazi."

Nikaanza kuuza vyombo vya plastiki vijijini. Kila nilichouza nilikihesabu kuwa faida. Nikanunua redio. Mwezi wa tatu sikuwa na vyombo wala fedha.

Baba hakunigombeza. Alinionyesha makopo mawili chini ya meza yake: moja la mbao na misumari, jingine la nyumbani. Hata mwenyewe alipougua hakugusa lile la kwanza, alikwenda kukopa. Hapo pengine alizidi, lakini aliponyanyuka kitandani alikuta mbao za kuanzia. Nikauza redio, nikatafuta makopo mawili.

Ndugu zangu, Abdur-Rahman bin Auf r.a. alipohamia Madina, Saad bin Rabii r.a. alijitolea kumpa nusu ya mali yake. Alimwombea baraka, akauliza soko liko wapi, akarudi na jibini na samli. Na Khalifatul Masih wa Pili r.a., alipoanzisha Tehrik-e-Jadid mwaka 1934, aliwataka Waahmadiyya wasikae bure bali wafanye kazi yoyote ya halali kwa mikono yao. Basi yule kijana anayesukuma mkokoteni, ambaye baadhi yetu humsalimia kwa kichwa tu tukitoka Ijumaa, ndiye anayefuata mwito huo kuliko mimi wa miaka ile.

Wazazi nao nawaomba jambo moja. Mama alinipa fedha, lakini kabla ya hapo hakuwahi kuniita shimoni nione anavyohesabu. Tuwaite watoto wetu waone hesabu, hata ya hasara.

Mwaka 1998 nilimrudishia mama zile 20,000. Alizihesabu mara mbili. Nusu alimpa mdogo wangu kwa maneno yale yale aliyoniambia mimi, na nusu akanunulia makumbi.

Wassalaam.