Ubao wa Tanga Uliopata Kafi



Kamati ya vijana imenitaka nieleze habari za kile kitu kirefu cheupe kilichoegemezwa ukutani karibu na mlango wa ukumbi. Tangu asubuhi watoto wamekiuliza kila mpita njia, na mmoja amekwisha kuamua kwamba ni meza ya kupigia pasi ya mtu mrefu sana. Nimepewa dakika ishirini. Nitajitahidi nisizizidishe, ingawa mnanijua.

Kitu hicho ni ubao wa tanga. Asili yake ni California, ambako Jim Drake na Hoyle Schweitzer waliuombea hati ya uvumbuzi mwaka 1968: ubao wa kuelea, na mlingoti uliofungwa kwa kiungo kinachozunguka, ili msafiri asimame wima na kuliongoza tanga kwa mikono yake mwenyewe, pasipo usukani. Huku Ulaya kiwanda cha Ten Cate cha Uholanzi kilianza kuziuza mbao hizo katika miaka ya 1970, na kufikia mwaka 1984, mchezo huo ulipoingia katika Olimpiki ya Los Angeles, hapakuwa na pwani ya Ubelgiji isiyokuwa na matanga ya rangi rangi. Kisha zikaja mbao fupi na nyepesi, na zile ndefu zikapelekwa maghalani chini ya nyumba. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Huu wa kwetu niliuokota hapa hapa Laeken, si mbali na uwanja wa Bockstael. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa amefariki, na watoto wake walikuwa wakiitoa mizigo ya baba yao na kuiweka kando ya njia. Nilipouliza, binti yake aliniambia niuchukue bila malipo, maana tanga lilikwisha oza na mlingoti hauonekani. Nikaubeba kichwani mpaka nyumbani. Mke wangu alifungua mlango, akautazama, akaufunga tena.

Lakini aliyepinga kwa dhati hakuwa mke wangu. Alikuwa shangazi yetu mkubwa, ambaye yupo hapa mbele yenu na amenipa ruhusa ya kulisema jambo hili. Wazee wanalijua, ila vijana wengi waliozaliwa Ulaya hawalijui. Mwaka 1978, mwezi wa Julai, mdogo wake shangazi alitoka Uvira usiku kuvua dagaa. Walikuwa na mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu katikati na taa za karabai juu yake, kama wavuvi wa Tanganyika walivyozoea. Upepo wa kusi wa kiangazi ukavuma. Mitumbwi ilionekana siku ya tatu, yeye hakuonekana mpaka leo. Tangu siku hiyo shangazi hakukanyaga ufuko wowote, na watoto aliowalea hapa Brussels hawakuruhusiwa hata kwenda kwenye bwawa la kuogelea la shule. Alipouona ubao ule barazani kwangu alisema neno moja tu: “Maji yalikwisha kumchukua mmoja, hayapewi wa pili.”

Sikumjibu. Kwa muda wa miezi kadhaa niliufanyia ubao kazi ghalani, bila kusema ni wa nini.

Kwanza niliupima kwa mizani. Kilo 24. Ubao wa namna ile ukiwa mkavu haufiki uzito huo, kwa hiyo nilijua umekunywa maji. Ganda la nje ni plastiki ngumu, na ndani ni povu. Maji hupenya kwenye matundu ya skrubu na kwenye maungio, nalo povu huyashika kama sifongo. Nikafungua skrubu zote, nikausimamisha karibu na jiko la kupashia nyumba joto, nikawa naupima kila Jumamosi. Yalipopita majuma kumi na mbili ulikuwa na kilo 19, nao haukushuka tena. Yaani nilikuwa nimepanga kusafiri nikiwa nimebeba lita tano za maji ya mtu mwingine.

Hapo ndipo penye hesabu ambayo napenda vijana waishike, kwa kuwa wengi huokota ubao wowote wa zamani na kushangaa unapozama. Lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilo moja. Ubao wenye ujazo wa lita 220, kama huu, unaweza kubeba kilo 220 kabla haujazama wote. Mimi nina kilo 84; ongeza kilo 19 za ubao wenyewe, na nguo, na kafi: ni kama kilo 106. Zaidi ya nusu ya ujazo inabaki juu ya maji, na mtu anasimama bila kuloa vifundo. Sasa chukua ubao mfupi wa lita 95 wa miaka ya 1990, ule unaopendeza machoni. Ukiusimamia bila tanga la kukuinua na mwendo wa kukubeba, utajikuta umesimama majini hadi magotini. Na mkumbuke kwamba maji ya ziwa hubeba kidogo kuliko ya bahari, kwa kukosa chumvi. Kwa hiyo ubao mrefu, ule ambao wauzaji wa vitu vikuukuu wanaudharau, ndio unaotufaa. Upungufu wake ni wembamba: huu una sentimita 65 tu, na mbao zinazotengenezwa siku hizi kwa kupiga kafi wima ni pana zaidi. Utatikisika. Magoti yalegezwe, macho yatazame mbali.

Jambo la pili lilikuwa ufa, upande wa nyuma, urefu wa kiganja. Nilinunua gundi ya epoksi ya bei kubwa, nikaipaka kwa uangalifu wote. Kesho yake ikabanduka nzima, kama gamba la samaki aliyechemshwa. Nikapaka tena, ikabanduka tena. Ganda hili ni la polithini, na polithini haikubali gundi. (Mwenye ubao wa nyuzi za kioo mambo yake ni mengine: epoksi itamfaa, ila asithubutu kutumia polista pale ambapo ndani kuna povu jeupe la polistireni, kwa sababu litayeyuka na kuacha shimo.)

Nilikaa na ule ufa juma zima kabla sijakumbuka soko la Uvira. Ni nani kati yenu, wa rika langu, asiyemkumbuka fundi aliyekaa chini ya mti na makaa yake, akiziba beseni na madumu yaliyopasuka? Alikuwa na chuma cha moto na vipande vya plastiki ya dumu jingine. Alikuwa akiyeyusha cha dumu bovu juu ya ufa wa dumu zuri, akisukuma kwa ubapa wa chuma mpaka viwili vikawa kitu kimoja. Nikakata ukanda wa dumu la zamani, nikafungua mlango na madirisha kwa ajili ya moshi wake, nikafanya kama nilivyomwona akifanya. Umeshika mpaka leo. Kule Lamu mafundi walikwenda mbali zaidi: walijenga chombo kizima kwa plastiki iliyookotwa, FlipFlopi, kilichoshushwa majini mwaka 2018, na mwaka uliofuata kikasafiri mpaka Unguja. Mimi niliziba ufa wa kiganja, lakini nilijiona fundi.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Katikati ya ubao pana mwanya mrefu, ambamo zamani huingizwa kisu cha kuuzuia usisukumwe ubavuni na upepo. Kisu kilikuwa kimepotea, na mwanya ukiachwa wazi maji huruka juu kama chemchemi. Nilichonga kizibo cha povu gumu kinachoingia kwa kubanwa, wala sikukigundisha, kwa sababu ukikitoa unapata mahali pa kupitisha mkono na kuubeba ubao. Pezi la nyuma nililiacha, maana bila hilo ubao huzunguka kama ungo. Reli ya mlingoti niliifunika kwa mkeka wa mpira, kwa kuwa miguu husimama hapo hapo, kwenye kitovu cha mizani. Kafi nililichonga mwenyewe, mpini wake ukinizidi kimo kwa sentimita 20.

Mtauliza kwa nini sikuushusha kwenye mfereji, nasi tunakaa hatua chache kutoka ule mfereji wa Willebroek uliofunguliwa mwaka 1561, unaopita ukingoni mwa Laeken. Mfereji ule ni njia ya matishari ya mizigo, kuta zake ni wima, na aliyeanguka hana pa kushika. Mabwawa ya bustani nayo ni ya mabata. Tulikwenda Hofstade, karibu na Mechelen, kwenye ziwa lililotokana na kuchimbwa mchanga.

Siku ile shangazi alikuja. Sikumwalika, alipanda gari na kukaa, akiwa amejifunga khanga juu ya koti. Nadhani alikuja ili kama nitazama awepo shahidi.

Nilivaa jaketi la kuokolea, na hapa sitanii: hakuna mtoto wa ukoo huu atakayeugusa ubao huu bila jaketi, hata kama ni bingwa wa kuogelea. Ziwa la Tanganyika lina uvuguvugu mwaka mzima, lakini maji ya Ubelgiji mwezi wa Mei humkata mtu pumzi kabla hajajua ameanguka. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu, pigeni magoti au lala kifudifudi, mrudi mapema; mwili wa mtu aliyesimama ni tanga tosha.

Nikasimama. Nikatikisika. Nikaanguka mara mbili, na watoto wakashangilia mara zote mbili. Mara ya tatu nilisimama, nikawa napiga kafi kwa nguvu zangu zote, na ubao hauendi ila kwa kuchechemea. Ndipo ikasikika sauti kutoka ufukweni, sauti ambayo wote mliolelewa naye mnaijua:

“Usivute kwa mkono wa chini! Sukuma kwa wa juu! Na kafi umelishika nyuma mbele!”

Kumbe alikuwa akipiga kafi tangu utotoni, akivusha mihogo kwa mtumbwi, amesimama nyuma, kama wavulana. Katika miaka yote niliyoishi naye hakuwahi kulitaja. Nililigeuza kafi, nikasukuma kwa mkono wa juu, na ubao ukaondoka.

Niliporudi alikuwa amefika ukingoni. Maji yalikuwa yakigusa ncha za viatu vyake, naye hakurudi nyuma. Aliniuliza maswali mawili. La kwanza: ubao unabeba kilo ngapi. La pili: somo la kuogelea kwa watoto linagharimu kiasi gani kwa mwezi. Nikamjibu la kwanza. La pili sikulijua, lakini kesho yake nilikwenda kuuliza, na watoto wanne wa ukoo huu, pamoja na baba mmoja mwenye umri wa miaka 51 ambaye sitamtaja, wameanza kujifunza tangu Septemba.

Bado nafasi zipo. Karatasi ya kujiandikisha iko kwenye meza ya kahawa, na shangazi ndiye anayeishika. Ubao mnaweza kuugusa, ila msiusimamie humu ndani, pezi litavunjika.