Maneno kwa Vijana Waliooana: Kutengeneza Nyumba kwa Franga Chache

Leo sitasema habari ya mahindi wala ya muhogo. Mmekwisha vuna, karanga ziko ndani ya magunia, na mvua iko mbali bado. Toka leo mpaka mwezi wa kumi, mvua zinapoanza hapa Kamina, tuna miezi mitatu na kidogo. Huu ndio wakati wa nyumba. Mtu anayengoja mpaka mawingu yaonekane atafyatua tofali zake katika matope, nazo zitarudi kuwa matope.

Nitawapa mfano. Tuseme kijana mmoja ametoka Kolwezi kwa gari la moshi. Amefanya kazi kule miaka miwili, amerudi kuoa. Mjomba wake amempa nyumba ya zamani yenye vyumba viwili. Ukuta wa upande wa jua kuchwa umepasuka, unaweza kupitisha mkono. Paa ni la nyasi zilizooza. Ndani hakuna kitu ila kigoda kimoja na chungu. Mke wake ana mimba, atajifungua mwezi wa kwanza, katikati ya mvua. Wana sanduku la bati, na ndani yake mafungu kumi ya franga. Sitaji kiasi cha kila fungu, kwa maana bei ya soko letu haitulii. Vitu vingi vinapanda gari la moshi toka Lubumbashi, na kila anayevigusa njiani anaongeza kidogo.

Kijana anasema: «Mke wangu, kwanza tununue viti vikubwa vya mito, kama nilivyoona kwa watu wa Kolwezi. Wageni wakija wataketi vizuri. Mwuzaji anakubali tulipe nusu sasa, nusu baadaye.»

Mke anajibu: «Bwana wangu, wageni wataketi juu ya mito, na mvua itaketi pamoja nao.»

Kijana anacheka, lakini hapendi neno lile. Nanyi msimcheke sana. Mtu aliyekaa miaka miwili katika chumba cha watu sita ana hamu ya kuketi mahali pazuri. Lakini hesabu yake ni mbaya. Viti vile vitakula mafungu matano, na deni litakula mengine matatu kabla ya mavuno mengine. Yatabaki mawili ya paa, ukuta, mlango na kitanda. Haiwezekani.

Basi wanaanza wapi? Hawaanzi na paa wala na ukuta. Wanaanza na kiwanja.

Kabla ya kutia hata franga moja katika nyumba ya mjomba, muulize mjomba mbele ya watu: Nyumba hii umenipa, au umeniazima? Nendeni kwa chifu, tembezeni miguu katika mipaka pamoja na majirani, andikeni karatasi, watu wawili waweke mkono kuwa mashahidi. Sheria ya mwaka 1973 yasema ardhi yote ni mali ya Serikali, na sisi wa vijijini tunakaa kwa desturi. Ndiyo sababu neno la mashahidi lina nguvu kwetu. Andikeni jina la mume na jina la mke. Najua wazee wengine hapa wananikunjia uso. Lakini wanaume wetu wanaingia katika mashimo, na wengine hawatoki. Mmeona ndugu za marehemu wakija kutoa mjane nje na sufuria zake. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 inampa mjane haki ya kukaa katika nyumba aliyokaa na mume wake. Karatasi yenye jina lake itamsaidia kuidai.

Tena tazameni chini ya kiwanja. Mmesikia habari ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi. Mwaka 2014 watu waliona mawe ya kobalti chini ya nyumba zao. Wakachimba uani, wakachimba hata ndani ya vyumba, ardhi ikawa tupu kama mzinga. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ikatenga sehemu ya mtaa ule iwe mahali pa kuchimba, na wenye nyumba wakahamishwa. Mtu aliyekuwa amepaka chokaa mwaka ule, chokaa yake iko wapi? Kama majirani zako wanachimba usiku, usijenge kwanza.

Sasa ukuta. Msinunue tofali. Kichuguu kikubwa kiko nyuma ya kila kijiji cha kwetu, na udongo wake ni mzuri kupita mwingine wote kwa tofali na kwa sakafu. Lakini ujaribuni. Fanya donge kama ngumi, liache kivulini siku mbili. Likipasuka, udongo una unato mwingi, ongeza mchanga. Likivunjika kama unga, mchanga umezidi, ongeza udongo wa kichuguu. Likikaa gumu na zima, ni vizuri. Changanya na nyasi kavu zilizokatwa vipande, kanyaga kwa miguu, acha usiku mmoja, kanyaga tena kesho yake.

Kalibu ya mbao iwe na sentimeta 40 kwa urefu, 20 kwa upana na 10 kwa kimo. Kwa tofali kama hizo, meta moja ya mraba ya ukuta inataka tofali kama 21. Ukuta wa kijana wetu una meta 4 kwa urefu na meta 2 na nusu kwa kimo. Ni meta 10 za mraba, basi tofali 210. Afyatue 240, kwa maana nyingine zitavunjika. Mume na mke na mdogo wao mmoja hawatazidi siku tatu au nne. Mke mwenye mimba asikanyage matope na asibebe. Yeye akate nyasi na kuhesabu. Siku za kwanza funika tofali kwa nyasi ili zisipasuke kwa jua, kisha zisimamishe ubavuni, zingoje wiki tatu au nne.

Mtu mmoja ataniuliza: kwa nini tusizichome? Ukiwa na kuni, choma. Tofali iliyochomwa haiogopi maji. Lakini tanuru linakula miti mingi sana, na ninyi mnajua mnavyokwenda mbali sasa kutafuta miti ya makala. Tofali mbichi itakaa miaka mingi ikiwa na kofia nzuri na viatu vizuri. Kofia ni paa linalotoka nje ya ukuta sentimeta 60. Viatu ni msingi wa mawe unaopanda juu ya ardhi sentimeta 30 au 40. Pale mawe ya reli yaliyomwagika msiyaguse, yana mwenyewe. Mtoni kuna mawe ya kutosha.

Msingi huo wa mawe unasaidia tena juu ya mchwa. Mchwa hawapendi kuonekana. Wakitaka kupanda wanajenga njia ya udongo juu ya jiwe, nawe utaiona. Mama wa nyumba apite na fagio kila Jumamosi kuzunguka ukuta wote, avunje njia hizo. Fagio halina bei. Nimeona paa zima limeanguka kwa sababu ya boriti moja iliyoliwa ndani, na nje ilikuwa nzuri bado. Paa lile lilikuwa langu, basi naweza kulisema bila kumwaibisha mtu.

Habari ya paa ndiyo kubwa, na hapa mafungu matano kati ya kumi yatakwenda. Kila mtu anataka manjanja. Ni vizuri, lakini kuna manjanja ya namna mbili. Mengine ni mazito; mengine ni membamba kama karatasi, upepo wa kwanza unayakunja. Shika bati kwa kona na ulitikise: likilia na kupinda kama jani la mgomba, liache. Ukinunua yaliyotumika, ambayo ndiyo ninayowashauri wenye franga chache, inua kila moja juu ya kichwa chako mchana na utazame jua. Pale nuru inapopita, maji pia yatapita. Tundu la msumari si kitu, litazibwa. Lakini kutu iliyokula bati zima haina dawa.

Ukipigilia, msumari uende juu ya mgongo wa bati, usiende katika bonde, kwa maana maji yanapita bondeni. Bati moja lilale juu ya lingine mgongo mmoja na nusu. Boriti zifungwe kwa waya mpaka ndani ya ukuta, si kuwekwa juu tu. Na kama mafungu matano hayatoshi manjanja ya nyumba nzima? Usinunue nusu kwa deni. Ezeka nyasi mpya juu ya vyumba vyote viwili, paa liwe na mteremko mkali ili maji yakimbie, na franga za manjanja ziweke mpaka mwaka ujao. Nyasi nzuri si aibu. Babu zetu walioona reli ya Bukama ikipita hapa mpaka Ilebo, iliyomalizika mwaka 1928, walikuwa chini ya nyasi na hawakulowa.

Kazi ya kupandisha paa haifanywi na watu wawili. Mama wa kijana apike munkoyo, karanga ziwe tayari, na bukari na samaki wa Bukama, kisha waite majirani siku moja. Nawe uende kwao siku yao ikifika. Wako vijana wanaokunywa munkoyo wa watu wote na siku ya kazi wanaumwa mgongo, hao tunawajua.

Ndani ya nyumba nitakwenda upesi. Sakafu: udongo wa kichuguu uliopondwa, tabaka tatu, kila moja ikauke. Dirisha: kila chumba kiwe na lake, hata dogo, lenye ubao wa kufunga. Kuta: udongo mweupe, ule mnaouita mpemba, koroga katika maji, mimina humo uji mwepesi wa muhogo uliochemka, upake mara mbili. Uji unashika rangi, haitatoka tena juu ya nguo za watu. Chumba cheusi kikiwa cheupe, taa moja inafanya kazi ya mbili.

Jiko liwe nje, chini ya kibanda. Na hapa nasema kwa nguvu: usiku wa baridi wa mwezi wa sita na wa saba, msiingize mbabula yenye makala ndani ya chumba na kufunga mlango. Makala mekundu yasiyo na moshi yanatoa hewa isiyoonekana wala kunuka, nayo inaua watu katika usingizi. Kama mtoto anaona baridi, ongezeni blanketi.

Sasa vyombo. Kitu cha kwanza ni kitanda. Si meza, si viti vya mito, si kabati lenye kioo. Mama akijifungua atalala wapi? Fundi seremala wa kijijini atafanya fremu ya mulombwa kwa fungu moja, nawe utasuka kamba mwenyewe. Godoro ni magunia mawili yaliyoshonwa pamoja, yakajazwa maganda laini ya mahindi yaliyokauka vizuri juani. Mwaka ujao mtayatoa na kutia mengine. Juu yake chandarua. Yule mke wetu alipewa chandarua alipokwenda kupimwa mimba. Asikigeuze kuwa wavu wa samaki, nami najua mnaelewa kwa nini nasema hivyo.

Kitu cha pili ni mbao mbili juu ya tofali, ziwe rafu ya sahani na maji ya kunywa yenye kifuniko. Cha tatu meza. Viti vitakuja kimoja kimoja. Sanduku lile la bati, likifunikwa kitambaa, ni kiti cha watu wawili, na franga zilizobaki ziko chini yao salama.

Hesabu yao ni hii: paa mafungu matano, misumari na waya moja, mlango na komeo moja, kitanda moja. Yamebaki mawili. Kijana anataka tena kuyapeleka kwa mwuzaji wa viti. Mke anataka yakae mpaka mwezi wa kwanza, kwa maana siku ya kujifungua hakuna anayejua itataka nini. Safari hii anamwambia: «Mtoto akifika salama na tukavuna tena, mimi mwenyewe nitaingia katika likelemba ya wanawake, na zamu yangu ikifika nitakununulia kiti kimoja cha mto, uketi wewe.» Kijana ananyamaza, kisha anauliza kiti hicho kitakuwa cha rangi gani.

Basi maneno yangu ya leo ni hayo. Kalibu mbili za tofali ziko hapa chini ya mwembe. Anayetaka kuazima aseme jina lake kwa karani, achukue siku tano, airudishe imeoshwa, kwa maana udongo ukikauka ndani ya kona tofali za mwenzako zitatoka kombo. Jumatano ijayo tutachimba choo pale kwa mzee wa kata. Mje na majembe.