Vijana Wapewe Nafasi Jukwaani



Siku hii ya ukumbusho tunamshukuru Mola kwa jengo lililosimama imara. Hata hivyo, hekalu halirithiwi kwa matofali pekee. Vijana wetu wengi hawasomi tena Kigujarati cha babu zao. Tukinyamaza, vitabu vitabaki kabatini.

Katika karne ya 16, Tulsidas alitunga Ramcharitmanas kwa Kiawadhi, lugha ya watu wa kawaida, na kisa cha Rama kikawafikia wasiojua Kisanskriti. Kimedumu pia kwa kuigizwa: katika Ramlila, wanakijiji wenyewe huwa waigizaji, washonaji wa mavazi na wapiga ngoma. UNESCO iliiorodhesha Ramlila mwaka 2008, na garba ya Gujarat mwaka 2023.

Majirani zetu nao wanaijua njia hiyo. Mathias Mnyampala aliistawisha ngonjera, na watoto wa shule wakajifunza ushairi kwa kuughani wakijibizana.

Basi tunaomba kijana asiitwe kupanga viti tu. Apewe kuandika mchezo na kuuongoza, kwa Kigujarati na kwa Kiswahili, pamoja na watoto wa majirani. Nanyi wazee wetu, msahihisheni kwa upole. Mtoto aliyewahi kuwa Sita au Hanuman hakisahau kisa chake.

Penye wazee haliharibiki neno. Lakini pasipo vijana, neno hilo halina wa kulipokea.