Waebrania na Jirani Zao: Hotuba ya Mahafali



Wahitimu wa masomo ya dini wanaotunukiwa shahada leo wataulizwa, madarasani na makanisani, kama Waebrania wa kale waliiga ibada za majirani zao, na swali hilo linastahili kujibiwa kwa ushahidi bila woga. Tangu 1929, ulipoanza uchimbaji wa magofu ya Ugarit katika pwani ya Syria, vibao vya udongo vya mji huo vimeonyesha kwamba wakazi wake walitoa sadaka za kuteketezwa na sadaka za amani karne kadhaa kabla ya Sulemani. Kuhusu tohara, nabii Yeremia mwenyewe anaitaja Misri, Edomu, Amoni na Moabu pamoja na Yuda.

Mfano mzito zaidi uko Babeli. Katika Akitu, yaani sikukuu ya mwaka mpya, siku ya tano ya mwezi wa Nisani, kondoo dume alikatwa kichwa, mzoga wake ukapanguswa kwenye kuta za chumba cha mungu Nabu ili uchukue unajisi, kisha ukatupwa mtoni, na waliofanya kazi hiyo wakakaa nje ya mji hadi sikukuu ilipokwisha. Msomaji wa Walawi 16 atamkumbuka mara moja mbuzi wa Azazeli, aliyepelekwa jangwani Siku ya Upatanisho, pamoja na mtu aliyempeleka, ambaye hakurudi kambini kabla ya kufua nguo na kuoga. Vibao vinavyoieleza Akitu hivyo ni vya karne za mwisho kabla ya Kristo, kwa hiyo havitoshi kuamua nani alimtangulia nani. Ila vinaonyesha wazi mahali njia zilipoachana. Siku hiyohiyo mfalme wa Babeli alivuliwa alama za enzi, akazabwa kofi na kuhani, akatamka kwamba hakutenda dhambi, ilhali Haruni aliagizwa kuweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha mbuzi na kuungama maovu yote ya Israeli. Anayekana mfanano huu kwa kuilinda imani hujinyima nafasi ya kuona uzito wa ungamo hilo.

Ushahidi wenyewe hauko salama. Hekalu la Ain Dara, kaskazini mwa Syria, lenye mpangilio unaokaribiana sana na wa hekalu la Sulemani na vizingiti vilivyochongwa nyayo za urefu wa karibu mita 1, liliharibiwa vibaya kwa shambulio la ndege Januari 2018, na wahitimu watakaoendelea na utafiti watategemea sana picha na michoro ya kabla ya mwezi huo.